Utunzaji wa Sikio Lililotogwa: Mazungumzo kwa Watumishi na Wakaazi

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa wa Afya ya Jamii mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wakaazi. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Mada niliyokabidhiwa yaweza kuonekana ndogo kwa mtu aliyezoea kujadili bajeti, mitaro na mikarafuu. Nimeambiwa nizungumze juu ya kutoga masikio na pua, na khasa juu ya namna ya kulitunza tundu hilo baada ya kutogwa. Jambo hili halina ofisi yake. Hapana fomu inayojazwa wala ada inayolipwa. Bibi humwita mjukuu wake ukumbini, akatwaa sindano na uzi, akapaka mafuta, na kazi ikesha kabla chai haijapoa. Lakini tundu likiharibika, huja kwetu katika vituo vya afya, na mara nyengine huja likiwa limechelewa. Kwa hiyo nimeona ni haki kulizungumza mapema, hapa, kabla ya sikukuu na misimu ya harusi ambapo watoto wengi hutogwa kwa pamoja.

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba sikuja kumkataza mtu. Kutoga ni pambo la zamani katika visiwa hivi na katika mwambao mzima. Lugha yetu yenyewe inashuhudia, kwani ina jina kwa kila kitu kinachotiwa mwilini kwa njia hii: herini na vipuli, majasi ya ndewe zilizotanuliwa, kipini na kishaufu cha puani, na hazama. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi watoto wa kike wa majumba ya kifalme walivyokuwa wakitogwa wangali wachanga, tena matundu kadhaa katika kila sikio. Desturi iliyodumu muda wote huo haiondoki kwa mazungumzo ya nusu saa, na mimi siyo mtu wa kutaka iondoke. Ninachotaka ni kwamba ifanywe na mtu anayejua kuwa ametia jeraha, na kwamba jeraha hilo lihesabiwe siku zake.

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Wengi wetu tunadhani kazi imekwisha pale herini inapopita upande wa pili. Ukweli ni kwamba siku hiyo kazi ndiyo imeanza. Tundu la sikio ni njia iliyokatwa ndani ya nyama. Ili liwe tundu la kudumu, ngozi mpya hapana budi iote ndani ya njia hiyo, ikianzia mbele na nyuma kwa wakati mmoja, mpaka pande mbili zikutane katikati. Maadam hazijakutana, ndani mna nyama mbichi, hata kama nje panaonekana pamekauka na kupendeza. Ndewe, yaani ile nyama laini ya chini ya sikio, huchukua takriban wiki 6 hadi 8. Tundu la puani huchukua miezi kadhaa. Sehemu ngumu ya juu ya sikio, inayoitwa gegedu, inaweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka mzima, na kitovu kadhalika. Mama anayebadilisha herini za mtoto baada ya wiki 2, kwa kuwa amepata jozi nzuri zaidi kutoka kwa shangazi, anaichana ile ngozi changa na kuirudisha hesabu mwanzo.

Sasa naomba niizungumzie kwa urefu khatari iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni pepopunda kwa mtoto mchanga.

Viini vya ugonjwa huu vinaishi katika udongo, katika vumbi na katika kinyesi cha wanyama. Vinaweza kukaa humo miaka mingi vikiwa vimejikunja mfano wa mbegu, vikingoja pahala palipo na jeraha na pasipo na hewa. Tundu jembamba lililopenya ndani ya nyama ni pahala pa namna hiyo hasa. Viini vikishaamka hutoa sumu inayokwenda katika mishipa ya fahamu na kuikaza misuli. Kwa mtoto mchanga dalili ya kwanza aghalabu ni kushindwa kunyonya: mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri siku mbili tatu zilizopita, leo taya limekaza na titi halishiki. Kisha mwili hukakamaa, mgongo ukapinda, na mshtuko ukamjia kila anapoguswa au kila panapotokea kelele au mwanga. Jina tulilolipa ugonjwa huu limebeba neno pepo ndani yake, na nadhani jina hilo limewapeleka watu wengi kwa waganga badala ya hospitali. Wengine hudhani ni degedege. Kwa vyovyote vile, saa zinazopotea hapo hazirudi, na mtoto mchanga aliyepatwa na pepopunda bila ya tiba ya hospitali huwa na nafasi ndogo sana ya kupona.

Nchi yetu imepiga hatua kubwa katika jambo hili. Mnamo mwaka 2012 ilithibitishwa kuwa Tanzania imeiondoa pepopunda ya kina mama wazazi na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Maana yake, kwa kipimo kinachotumika duniani, ni kuwa katika kila wilaya wagonjwa wamekuwa chini ya mtoto 1 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Lakini naomba tulielewe vizuri neno hili. Ndui ilifutwa duniani, na tangazo lake likatolewa mwaka 1980, kwa sababu haikuwa na pa kujificha isipokuwa kwa binadamu. Pepopunda haifutiki namna hiyo. Udongo ungalipo, na mbegu zake zimo. Kinachotukinga ni chanjo na usafi tu, na siku tukiviacha vitu hivyo viwili, ugonjwa utarudi kwa njia ile ile.

Mtoto hupewa chanjo ya pepopunda, ikiwa imechanganywa na chanjo nyengine, akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14. Kabla ya hapo kinga aliyonayo ni ile tu aliyorithi kwa mama yake, nayo ipo ikiwa mama mwenyewe alichanjwa ipasavyo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila mzazi ni huu: mtoto asitogwe kabla ya kukamilisha chanjo zake 3 za mwanzo. Najua ziko nyumba ambazo mtoto wa kike hutogwa siku ya saba au mara baada ya arubaini, na najua kuna bibi watakaosema kwamba ngozi ya mchanga ni laini na haumii. Laini ni kweli. Kuhusu kuumia, mtoto huumia, ila hana maneno ya kusema. Kungoja miezi michache hakumwondolei binti yeyote pambo lake, na akingojewa mpaka awe mkubwa wa kuelewa asilivute sikio lake, hilo ni bora zaidi. Kadi ya chanjo ya mtoto isomwe kwanza, ndipo sindano itafutwe. Waheshimiwa Masheha mnajua nyumba zenye watoto wachanga katika shehia zenu kuliko sisi, na neno lenu litafika mbali kuliko langu.

Kuhusu sindano yenyewe, nitasema machache lakini nayataka yashikwe. Sindano moja kwa mtu mmoja, kisha itupwe pahala salama. Katika nyumba ambayo mabinti watano wanatogwa asubuhi moja kwa sindano moja ya kushonea, yule wa kwanza humgawia wa pili chochote kilichomo katika damu yake. Virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kwa njia hiyo. Homa ya ini aina ya B ni nyepesi zaidi kuambukiza. Virusi vyake vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku zisizopungua 7, katika tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Kuipitisha sindano katika moto wa kibiriti hakutoshi, na huacha masizi yanayoingia katika jeraha. Kuchemsha kwa dakika 20 huua vijidudu vingi, lakini hakuziui mbegu za pepopunda. Hospitalini vyombo hutakaswa kwa mvuke wenye shindikizo, kwa joto la nyuzi 121, kwa dakika 15 au zaidi. Kwa kuwa hakuna nyumba yenye chombo hicho, njia iliyo rahisi ni kununua sindano mpya ya hospitali, iliyofungwa, ikafunguliwa mbele ya macho ya mwenye kutogwa. Mtogaji anawe mikono kwa sabuni, na akiwa na mipira ya mikono aivae. Zile mashine za mkono mfano wa bastola zinazotumika katika baadhi ya maduka na saluni nyingi zimetengenezwa kwa plastiki zisizostahimili mvuke huo, na kwa gegedu hazifai kabisa, kwa sababu zinasukuma herini butu kwa nguvu na kupasua badala ya kutoboa.

Tuje katika utunzaji wa kila siku.

Jeraha la kutogwa lataka maji ya chumvi, mara 2 kwa siku, na kuachwa kwa amani saa zilizobaki. Maji hayo hutengenezwa nyumbani bila gharama. Chukua lita 1 ya maji safi, uyachemshe, kisha utie chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, kijiko kilichosawazishwa na si cha kulundika. Hiyo ni sawa na gramu 9 hivi kwa lita, kiasi ambacho mwili wenyewe unakifahamu, kwani ndicho kiasi cha maji ya dripu ya chumvi hospitalini. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Nawa mikono. Chovya kipande cha kitambaa safi au pamba, ukiweke mbele na nyuma ya tundu kwa dakika chache mpaka vigaga vilainike, kisha uvifute taratibu. Visivyotoka viachwe, visikwanguliwe kwa kucha. Kausha kwa kitambaa kikavu na safi. Maji yaliyobaki yamwagwe kila siku, siku ya pili yatengenezwe mengine. Pamba ikiacha nyuzi katika herini, itumike bendeji ya kitambaa.

Hapa nitatua kidogo, maana sisi ni watu wa visiwa na tuna imani kubwa na bahari. Nimewasikia wazee wa heshima wakisema kuwa maji ya bahari ni dawa, na kwamba mtoto aliyetogwa apelekwe pwani akoge. Maji ya bahari yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita, karibu mara 4 ya ile niliyoitaja. Chumvi ya kiasi hicho hukausha na kuwasha nyama mbichi. Tena bahari si maji matupu. Ina vijidudu vyake vyenyewe, na karibu na miji ina yale yote tunayoyamwaga humo. Anayetaka kuogelea na angoje tundu lipone. Mvuvi au mkulima wa mwani ambaye hana hiari ya kukaa nchi kavu, basi achague msimu asiokwenda majini ndipo atogwe, au asuuze jeraha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa mara tu anaporudi nyumbani.

Na sasa vile vinavyotoka jikoni. Manjano, mafuta ya nazi, majivu, masizi ya taa, na siku hizi dawa ya meno. Kila kimoja kina mtetezi wake, na sitaki kumvunjia heshima mtu aliyetutunza sote utotoni. Manjano yana sifa nzuri katika mchuzi. Lakini unga uliosagwa na kuuzwa katika fungu la karatasi haukutakaswa. Umepita mikononi, sokoni na katika vumbi, na tukishaupaka juu ya jeraha tunaziba mdomo wa tundu kwa kitu chenye vijidudu. Mafuta ya nazi nayo huziba, hushika vumbi, na huzuia majimaji ya jeraha kutoka. Majivu na masizi ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hukaribisha ile pepopunda tuliyoizungumza, na masizi yakibaki chini ya ngozi huacha alama nyeusi isiyofutika. Kwa upande mwengine, wako wenye elimu ya skuli wanaokwenda kinyume chake wakamwagia spiriti au peroksaidi kila asubuhi, kwa hoja kwamba inachoma, basi inafanya kazi. Inachoma kweli, lakini pamoja na vijidudu inaichoma ile ngozi changa inayojaribu kuota. Jeraha linalooshwa kwa spiriti kila siku huchelewa kupona.

Kuna suala la kuzungusha herini. Wengi wamezoea kuizungusha asubuhi na jioni ili isishikane na nyama. Watogaji wenye utaalamu wengi sasa wanashauri iachwe, na mimi naafikiana nao, kwani kila mzunguko huburuza kigaga kikavu ndani ya njia mbichi. Ikioshwa vizuri haishikani.

Mambo madogo ya nyumbani yana uzito kuliko tunavyodhani. Ushungi na mtandio hunasa katika herini, na kitambaa kilichovaliwa siku 3 katika joto letu kina jasho, mafuta ya nywele na manukato. Basi kifuliwe kila siku muda wa wiki hizo, na kivuliwe taratibu kwa kuangalia masikio kwanza. Foronya nayo ibadilishwe mara kwa mara. Anayesukwa nywele amwambie msusi asipake mafuta karibu na tundu. Simu ishikwe upande wa sikio lisilotogwa, au ipanguswe. Maji ya udhu hayana madhara maadam ni safi na mikono ni safi, na sikio likaushwe baadaye. Masuala mengine ya sharia katika jambo hili nayaacha kwa masheikh wenye kuyajua.

Kwa walimu nina ombi mahsusi. Utaratibu wa skuli waweza kumtaka mwanafunzi asivae herini, na utaratibu ni lazima uheshimiwe. Lakini mtoto aliyetogwa wiki 3 zilizopita akiamriwa atoe herini kila asubuhi na kuirudisha jioni, kwa mikono yenye chaki na vumbi la uwanjani, tundu hilo litaota usaha au litaziba na atogwe upya. Lililo bora ni mzazi kumtoga mtoto mwanzoni mwa likizo ndefu. Ikiwa hakufanya hivyo, mwalimu na mzazi waelewane juu ya herini ndogo isiyoning'inia mpaka wiki zitimie.

Kuhusu madini, sonara na mnunuzi wote wanahusika. Herini nyingi za bei nafuu zina rangi ya dhahabu juu na nikeli ndani, na nikeli ni miongoni mwa madini yanayosababisha mzio wa ngozi kwa watu wengi. Nchi za Ulaya zilipitisha sheria mwaka 1994 ya kuidhibiti nikeli katika vitu vinavyotiwa katika matundu mapya ya mwili. Mtu akishapata mzio huo huwa nao maisha: kesho utamwasha mshipi, kesho kutwa saa ya mkononi. Dhahabu ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu katika kila sehemu 24, na kwa kawaida haina taabu. Dhahabu nyeupe iulizwe, kwani baadhi yake huchanganywa na nikeli. Titani ni nzuri kwa anayeipata. Asiye na uwezo wa dhahabu asione haya; ni afadhali herini moja ndogo ya madini mazuri kuliko jozi kubwa za kumeremeta. Kijiti cha herini ya mwanzo kiwe kirefu kidogo, kwa sababu sikio litavimba siku za mwanzo, na kijiti kifupi kilichobanwa huzama ndani ya nyama mpaka kikatolewe kwa kisu hospitalini. Kwa mtoto mdogo kizuizi cha nyuma kiwe cha skrubu, asije akakivuta na kukimeza.

Vijana wetu wa leo hawaishii kwenye ndewe. Wanapanda juu katika gegedu, na hapa nawasihi wanisikilize. Ndewe ina damu nyingi na hujitetea. Gegedu halina mishipa ya damu yake lenyewe. Hulishwa na utando mwembamba unaolifunika. Vijidudu vikiingia kati ya utando na gegedu, chakula hukatika, gegedu hufa, na sikio hujikunja na kupoteza umbo lake daima. Kijidudu kinachopenda kufanya hivyo huishi majini na katika chupa chafu. Mwaka 2000 katika jimbo la Oregon, Marekani, watu 25 walithibitishwa au kudhaniwa kupatwa na maambukizo baada ya kutogwa katika kibanda kimoja cha vito, na kijidudu hicho kilikutwa ndani ya chupa ya dawa waliyokuwa wakinyunyiziwa kwa ajili ya usafi. Waliothibitishwa, 7, wote walikuwa wametogwa gegedu. Ikiwa hayo yametokea pahala penye maji ya bomba na maduka ya dawa kila pembe, nasi tujihadhari.

Pua inahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Mkono mchafu hufika puani mara nyingi kwa siku bila ya mwenyewe kujua, na mafua huleta uchafu wa ndani. Kipini kioshwe mbele na ndani, na kisitolewe kabla ya muda, kwani tundu la puani huziba haraka mno.

Lipo jengine linalotuhusu sisi watu wa ngozi nyeusi kuliko wengine, nalo ni kovu linaloota na kupita mpaka wa jeraha, likawa kama nundu gumu nyuma ya sikio. Madaktari huliita keloidi. Huenda kwa nasaba. Ikiwa mama, baba au ndugu wa tumbo moja analo, mtoto afikiriwe mara mbili kabla ya kutogwa, na asitogwe matundu ya ziada kwa ajili ya mtindo. Likishaota lipelekwe hospitali lingali dogo. Kulikata peke yake hakusaidii. Aghalabu hurudi, pengine kubwa kuliko la awali, na ndiyo maana daktari huchanganya na sindano za dawa.

Sasa, mtu atajuaje kuwa mambo yameharibika? Siku chache za mwanzo uvimbe mdogo, maumivu ya kuguswa na majimaji meupe yanayokauka kuwa vigaga ni ya kawaida. Si ya kawaida usaha wa manjano au wa kijani, wekundu au weusi unaotanda kila siku, joto kali la pahala hapo, tezi za shingoni kuvimba, au homa. Akiona hayo mtu asiichomoe herini kwa hasira. Mdomo wa tundu huziba upesi, na usaha ukabaki ndani bila njia ya kutokea. Aende nayo kituo cha afya, na mhudumu ndiye atakayeamua itoke au ibaki. Ikiwa ni gegedu lililovimba, asilale nyumbani hata usiku mmoja. Na ikiwa taya linakaza, shingo inakauka au mtoto ameacha kunyonya, ndani ya wiki 3 au hata zaidi baada ya kutogwa, basi hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali saa ile ile, mchana au usiku, na aelezwe daktari waziwazi kwamba mtoto alitogwa, lini, na kilipakwa nini. Mtu asifiche kwa kuona haya. Daktari hatauliza ili amlaumu bibi. Atauliza kwa sababu jibu hilo linabadilisha tiba.

Kadi za chanjo za watoto zinasomwa katika kila kituo cha afya siku za kliniki, na mzazi asiyejua mtoto wake amefikia chanjo ya ngapi anaweza kuuliza bila ya malipo. Mtu mzima ambaye hakumbuki lini alichanjwa pepopunda naye aulize kabla ya kutogwa, kwani kinga yake hupungua kwa miaka na hutakiwa kuongezewa.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona mama mmoja kule nyuma ameinua mkono mara mbili, nami nisingependa kumchelewesha zaidi. Niko tayari kwa maswali.